CHAJI ILIYOMO: UHAKIKI WA LUGHA YA MAZOEZI YA UMEME NA SUMAKU

1. Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi umekuwa mjadala wa istilahi. Wanaokitetea Kiswahili huleta orodha za maneno, na wanaokipinga huuliza ni neno gani litakalotumika kwa jambo hili au lile, kisha wasipojibiwa papo hapo huondoka wakiamini kwamba wameshinda. Kazi ya orodha si ya kudharauliwa. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, si rahisi tena kudai kwamba lugha hii haina maneno ya kuitajia elektroni au sumaku. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba orodha ikishapatikana kazi ndiyo kwanza inaanza. Mwanafunzi wa fizikia hasomi orodha. Anasoma sentensi, na sentensi anazozisoma kwa uangalifu mkubwa kuliko zote ni zile za mazoezi anayopewa kwenda kuyafanya nyumbani au bwenini.

Tumechagua mazoezi ya kozi ya kwanza ya umeme na sumaku kwa sababu maalumu. Katika mekanika mwanafunzi asipoyaelewa maneno, macho humwokoa: amekwisha kuliona jiwe likianguka na mkokoteni ukisukumwa. Katika umeme hakuna cha kuonekana. Hakuna aliyeiona chaji wala uga. Kila kitu humfikia mwanafunzi kwa njia ya maneno, na maneno yakipotoka hana shahidi mwingine wa kumrudisha.

Tulitunga mazoezi kumi na mawili kwa mfano wa yale yatolewayo katika kozi hizo, tukayaandika kwa Kiswahili, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza wa fizikia akakubali kuyafanya mbele yetu, kwa kalamu na karatasi, huku akisema kwa sauti anachokifikiri. Mwanafunzi mmoja si utafiti, na hatudai takwimu yoyote. Tunalofanya hapa ni uhakiki wa matini: tunauliza zoezi linasema nini, linadhani msomaji wake anajua nini, na linamponyoka wapi. Yafaa tukiri mapema kwamba kosa moja kubwa tutakalolieleza halikuwa la mwanafunzi. Lilikuwa letu.

2. Zoezi kama utanzu

Mhakiki wa fasihi simulizi atakayelisoma zoezi la fizikia hatakosa kukumbuka kitendawili. Vyote viwili ni vifupi. Vyote viwili vina kianzio maalumu: mtegaji hutanguliza neno lake na hadhira humruhusu atege, na zoezi nalo huanza kwa “Chukulia kwamba”, yaani amri ya kuiacha dunia ya kawaida mlangoni. Vyote viwili hudai jibu moja, na jibu likikosewa hakuna nusu ya heshima.

Lakini tofauti zao ni muhimu zaidi. Kitendawili huficha kwa makusudi. Zoezi hudai kwamba halikuficha kitu. Katika kitendawili msikilizaji hutarajia kudanganywa na sitiari. Katika zoezi msomaji ameahidiwa kwamba kila neno ni la kuhesabiwa, na kwamba kisichotajwa hakipo. Tena mtu akishindwa na kitendawili hutoa mji, na mtegaji hana budi kuwaeleza wote jibu na maana yake. Mwanafunzi akishindwa na zoezi hufungua kurasa za nyuma za kitabu, ambako vitabu vingi vya namna hii huweka majibu ya namba witiri tu, tena majibu matupu. Hajatoa mji wowote, na hakuna aliyemweleza chochote.

Ahadi hiyo ya kutoficha kitu ndiyo inayovunjwa mara nyingi na lugha. Tutoe mfano mdogo. Moja katika mazoezi yetu lilisema, “Mkondo wa ampea 5 unapita katika waya mrefu sana.” Mwanafunzi aliuliza mara moja: “Mwalimu, mrefu kiasi gani? Mita ngapi?” Swali lake lilikuwa la haki. Katika hadithi zetu neno “sana” huonyesha mshangao wa msimulizi. Halina kipimo na halitaki kipimo. Katika fizikia maneno “mrefu sana” ni ruhusa: yanamwambia msomaji kwamba urefu wa waya usitiwe katika hesabu. Tulipoandika upya, “waya ulio mrefu kiasi kwamba ncha zake haziathiri uga mahali tunapopima”, sentensi iliongezeka urefu, lakini swali la mita ngapi halikuulizwa tena.

Vivyo hivyo kwa neno “ndogo”. Chaji huitwa ndogo kwa sababu umbo lake ni dogo, hata ikachukuliwa kuwa nukta. Na huitwa ndogo kwa sababu kiasi chake ni kidogo, hata isiweze kuvuruga chaji nyingine. Ni mambo mawili mbalimbali, na zoezi moja laweza kuyahitaji yote mawili. Kiingereza nacho kina udhaifu huu huu. Mfasiri anayefuata neno kwa neno huurithi udhaifu wa lugha ya kwanza na kuuongezea wa lugha yake.

3. Kusukumana na kusukumwa

Zoezi la kwanza lilihusu kanuni aliyoitangaza Coulomb mwaka 1785, kwamba kani baina ya chaji mbili hulingana na zao la chaji hizo likigawanywa kwa mraba wa umbali ulio baina yao. (Tunatumia neno “kani” pamoja na wale wanaotaka “nguvu” iachwe kwa matumizi ya kila siku, sababu itaonekana katika sehemu ya tano.) Tuliandika hivi: “Chaji ya mikrokulombu 2 imewekwa mita 0.3 kutoka kwa chaji ya mikrokulombu 6. Tafuta kani inayoikabili kila moja.”

Hesabu yake si ngumu. Zao la chaji mbili ni 12 × 10⁻¹². Likizidishwa kwa 9 × 10⁹ hutoa 0.108, likigawanywa kwa 0.09, ambao ni mraba wa 0.3, hutoa niutoni 1.2. Mwanafunzi alifika hapo kwa muda mfupi. Kisha akasita. Aliandika kwamba 1.2 ni kani inayoikabili chaji ndogo, akaanza kutafuta njia ya kupata kani inayoikabili chaji kubwa, akiamini kwamba kubwa husukuma mara tatu zaidi ya inavyosukumwa. Mlinganyo mbele yake haukumwambia hivyo. Sentensi yetu ndiyo iliyomwambia, kwa kusema “kila moja”, kana kwamba yapo majibu mawili.

Tulibadili swali: “Chaji hizi zinasukumana kwa kani gani?” Jibu lilikuja bila hesabu mpya: “Kama zinasukumana, basi kani ni ile ile.”

Hapa ndipo mtetezi wa Kiswahili atakapotaka kushangilia, na hapa ndipo tunapomwomba asubiri. Ni kweli kwamba kauli ya kutendana huweka katika kitenzi kimoja jambo ambalo Kiingereza hulieleza kwa maneno kadhaa. Lakini kiambishi -an- hutaja kutendeana tu, hakitaji usawa. Watu wawili waweza kupendana na mmoja akapenda zaidi. Mwanafunzi alipata jibu sahihi kwa sababu kanuni ya tatu ya Newton ni kweli. Sarufi ilimkumbusha kanuni hiyo, haikuithibitisha. Fauka ya hayo, tungalisema “chaji ndogo inasukumana na chaji kubwa”, muundo ambao ni sahihi kabisa, tungaliirudisha moja mbele na nyingine nyuma, na huenda kosa lingalirudi nalo. Mwandishi wa mazoezi basi hana budi kuchagua, si kauli tu, bali pia kiima cha kauli hiyo.

4. Uga, na chaji iliyomo

Neno “uga” limepata bahati. Ni neno la zamani lenye maana ya uwanja ulio wazi, na hapa Kenya kila mtu hulisikia katika “uga wa michezo”. Lakini bahati hiyo ina gharama yake. Uga wa michezo una mipaka, na wachezaji wakiondoka wenyewe hubaki. Uga wa umeme wa chaji iliyotulia hauna ukingo. Hupungua kadiri tunavyokwenda mbali, na chaji isipokuwapo nao haupo. Kwa hiyo zoezi haliwezi kulitegemea jina peke yake. Lazima liseme uga ni nini, na Kiswahili kina namna nzuri ya kusema hivyo.

Tuirudie ile chaji ya mikrokulombu 6. Umbali wa mita 0.3 kutoka kwake, uga ni niutoni 600,000 kwa kila kulombu. Maana yake nini? Si kwamba kuna kulombu moja pale. Hakuna. Maana yake ni kwamba kama chaji ya majaribio ingewekwa pale, ingesukumwa kwa kani inayolingana na kiasi chake: ikiwa ni mikrokulombu 2, niutoni 1.2, kama tulivyokwisha kuona. Kiambishi -nge- hubeba fasili nzima. Mwanafunzi anayesoma “chaji ikiwekwa” hutafuta chaji hiyo katika mchoro. Anayesoma “kama chaji ingewekwa” hujua kwamba haimo. Waandishi wengi hutumia -ki- hapa kwa sababu ni fupi. Tunadhani wanakosea, na kwamba walimu wa sarufi, ambao hulifundisha sharti la -nge- kwa mifano ya mtu ambaye angekuwa tajiri angenunua gari, wangepata humu mfano ulio bora zaidi.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Zoezi la tano lilisema: “Tufe tupu la metali lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 lina chaji ya nanokulombu 5. Tafuta uga sentimita 5 kutoka kitovuni, na sentimita 30 kutoka kitovuni.” Kwa umbali wa pili mwanafunzi alipata niutoni 500 kwa kila kulombu, na alikuwa sahihi. Kwa umbali wa kwanza alipata 18,000. Tulimwuliza kwa nini ametumia nanokulombu 5 katika hesabu hiyo. Akajibu, “Kwa sababu tufe lina chaji, Mwalimu.”

Jibu sahihi ni sifuri. Kanuni ya Gauss hutufundisha kwamba mtiririko wa uga kupitia uso uliofungika hutegemea tu chaji iliyozungukwa na uso huo. Chaji ya tufe la metali lisilo na kitu ndani hukaa yote juu ya uso wake wa nje, nayo hutandaa sawasawa. Uso wa kufikirika wenye nusu kipenyo cha sentimita 5 hauzunguki chaji yoyote, na kwa kuwa tufe ni la duara kila upande, uga mle ndani ni sifuri. Mwanafunzi aliijua kanuni hii. Aliweza hata kuiandika. Lakini sisi tulimwambia kwamba tufe “lina” chaji. Kitenzi cha kuwa na hakisemi kama kitu kimo ndani, kiko juu, au ni mali tu ya mwenyewe. Mtungi wenye maji una maji ndani. Tufe lenye chaji lina chaji wapi? Alichagua maana ya mtungi. Kila hatua iliyofuata katika hesabu yake ilikuwa sahihi, na mtahini yeyote angalimnyima alama.

Tuliandika upya: “Chaji ya nanokulombu 5 imetandaa juu ya uso wa nje wa tufe.” Kisha tukauliza: “Katika nafasi iliyozungukwa na uso wa kufikirika wa nusu kipenyo cha sentimita 5, mna chaji gani?” Alikaa kimya kidogo, akautazama mchoro wake, kisha akasema, “Hamna.” Akaikata ile 18,000 akaandika sifuri.

Neno hilo moja linastahili kuzingatiwa. Kiswahili hutofautisha mahali kwa viambishi vitatu: -po- kwa mahali mahususi, -ko- kwa mahali pasipo dhahiri, na -mo- kwa ndani. Fizikia ya umeme inahitaji tofauti hizo hizo. Uga hupimwa mahali palipotajwa. Hapo ni -po-. Chaji nyingine zaweza kuwa popote huko nje. Hapo ni -ko-. Na Gauss anataka ile tu iliyo ndani; hapo ni -mo-. “Chaji iliyomo” ni istilahi kamili ambayo hakuna kamati iliyokaa kuiunda. Ilikuwamo katika sarufi tayari.

Lakini haki itendeke. Katika Kiswahili kinachosemwa sehemu nyingi za bara la Kenya, mgawanyo huu umefifia, na -ko- imechukua kazi zote tatu. Mtu wa Nairobi husema pesa ziko mfukoni na kitabu kiko ndani ya mkoba, au hata “kitabu iko”, naye hueleweka. Mwanafunzi wetu husema hivyo pia anapozungumza na wenzake. Aliijua “hamna” kwa kuwa alifundishwa shuleni, akaitahiniwa, na pengine akadhani kwamba haina kazi nyingine duniani. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba Kiswahili kina uwezo huu. Kiswahili sanifu kinao. Ni juu yetu tunaokifundisha kuhakikisha kwamba wasemaji wake wanao.

5. Mkondo, na stima inayoliwa

Zoezi la nane lilikuwa la saketi: “Betri ya volti 12 imeunganishwa na balbu mbili kwa mfuatano, ya kwanza yenye ukinzani wa omu 4 na ya pili wa omu 2. Tafuta mkondo katika kila balbu.” Ukinzani wote ni omu 6, mkondo ni ampea 2, na ni ule ule katika balbu zote mbili, kwa kuwa njia ni moja. Mwanafunzi alipata ampea 2 kwa balbu ya kwanza, kisha akasema kwamba ya pili itapata pungufu, “kwa sababu ya kwanza imeshakula”.

Kosa hili ni maarufu kwa walimu wa fizikia wa lugha nyingi. Halikuzaliwa na Kiswahili. Lakini Kiswahili cha Kenya hulilisha. Tunaita umeme “stima”, neno ambalo pia ni jina la meli iendeshwayo kwa mvuke. Stima hupotea, hurudi, huisha tokeni zikiisha, na hita huila kuliko balbu. Kila moja ya kauli hizi ni ya kweli nyumbani. Kinachouzwa na mita ni nishati: yuniti moja ni kilowati-saa, yaani jouli 3,600,000, na nishati hiyo kweli hutumika. Kisichotumika ni mkondo. Ampea 2 zinazotoka katika ncha moja ya betri hurudi zote 2 katika ncha nyingine. Balbu ya kwanza huchukua wati 16 na ya pili wati 8, na jumla yake, wati 24, ndiyo inayotolewa na betri. Balbu zimekula nishati. Hazikula mkondo hata kidogo.

Neno “mkondo” lenyewe husaidia iwapo linafuatwa mpaka mwisho. Maji ya mto yanayozungusha gurudumu la kinu hayapungui kwa kulizungusha, yanapoteza kimo. Volti ndiyo kimo hicho: 8 katika balbu ya kwanza na 4 katika ya pili. Hapa tena sentensi ndiyo yenye kazi. Mkondo hupita katika balbu, na volti huwa baina ya ncha zake mbili. Kiingereza hutenga mambo haya kwa vihusishi viwili vifupi. Sisi tusipojihadhari huandika “mkondo katika balbu” na “volti katika balbu”, na kwa “katika” hiyo moja tumefuta tofauti iliyo kiini cha somo lote. Vivyo hivyo kwa “nguvu”, ambayo kwa msomaji wa kawaida ni kani, ni nishati, ni uwezo wa mashine, na ni afya ya mtu. Maneno “nguvu ya umeme” yaweza kufahamika kwa namna tatu, na zoezi haliwezi kuvumilia hata mbili. Ndiyo sababu tunaunga mkono “kani” na “nishati”, ingawa masikio ya wengi hayajazoea.

6. Kupinga nini?

Mfano wa mwisho unahusu kanuni ya Lenz, ya mwaka 1834, iliyofuata ugunduzi wa Faraday wa 1831 kwamba sumaku inayosogea huzusha mkondo katika waya. Tuliandika katika maelezo: “Mkondo unaozuka huipinga sumaku.” Kisha tukauliza: “Ncha ya kaskazini ya sumaku inaondolewa kutoka kwenye koili. Je, koili huisukuma au huivuta?” Mwanafunzi akajibu kwamba huisukuma, kwa sababu imeambiwa ipinge.

Sumaku inayokaribia husukumwa, ndiyo. Lakini inayoondoka huvutwa. Kinachopingwa si sumaku. Ni badiliko. Kanuni ingaliandikwa “mkondo unaozuka hupinga badiliko lililouzusha”, isingalikuwa na makosa. Kosa lote lilikaa katika yambwa ya kitenzi kimoja. Hesabu yenyewe, kwamba koili ya mizunguko 200 ambayo mtiririko wake wa sumaku unatoka weba 0.003 hadi sifuri kwa sekunde 0.1 huzusha volti 6, aliifanya bila taabu. Namba hazikumtatiza, aliyetatiza ni mwandishi.

7. Waliotangulia

Wapo watakaoona kwamba haya ni matatizo ya lugha changa. Historia ya somo lenyewe haikubali. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Copenhagen aligundua kwamba waya wenye mkondo hugeuza sindano ya dira, na kwa ugunduzi huo umeme na sumaku vikawa somo moja. Mtu huyo huyo, miaka michache kabla, alikuwa ameiundia Kidenmaki maneno ya kemia: “ilt” kwa oksijeni na “brint” kwa haidrojeni, yote mawili kutoka katika maneno ya nyumbani ya moto na kuwaka. Yanatumika hadi leo. Hakuona kwamba maabara na lugha ni kazi za watu wawili mbalimbali.

Faraday naye, alipohitaji majina ya ncha mbili za mkondo katika kimiminika, alimwandikia William Whewell wa Cambridge mwaka 1834, na kutokana na barua zao yakapatikana anodi, kathodi na ioni. Jambo la kuzingatia ni sababu ya uteuzi. Waliyatafuta katika Kigiriki maneno ya njia ya kupanda na njia ya kushuka, ili majina yasifungamane na nadharia yoyote kuhusu kile hasa kinachosafiri. Linganisha na jozi ya chanya na hasi. Franklin, katikati ya karne ya 18, alidhani kwamba upande mmoja una ziada ya umeme na mwingine upungufu. Mwaka 1897 J. J. Thomson alipoionyesha elektroni, ilibainika kwamba chembe inayosafiri katika waya ni ile iliyokwisha kuitwa ya upungufu. Hadi leo kila mwanafunzi hulipa deni hilo: mishale ya mkondo huelekea upande mmoja na elektroni upande wa pili. Katika Kiswahili deni ni kubwa zaidi, kwa kuwa “hasi” ni pia kitenzi cha kumtoa mnyama uwezo wa kuzaa. Mwanafunzi wetu alicheka alipolisikia, lakini pia alikiri kwamba siku zote aliiona elektroni kuwa kitu kilichopungukiwa.

8. Hitimisho

Kuna pingamizi moja ambalo hatuwezi kulikwepa. Hapa Kenya Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa Katiba ya 2010, lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini fizikia hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyu atafanya mtihani wake kwa Kiingereza. Je, tulimpotezea wakati? Tunaweza kujibu kwa jambo moja tu tuliloliona. Tulipomaliza, alilitoa begini zoezi la Kiingereza alilokuwa ameshindwa juma lililotangulia, lenye tufe ndani ya tufe. Kabla ya kuandika mlinganyo wowote alichora mstari wa nukta na kuandika pembeni, kwa penseli: “iliyomo?” Kisha akaendelea kwa Kiingereza.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi isihesabiwe kuwa imekubalika mpaka itumike katika zoezi, na zoezi hilo lifanywe na mwanafunzi ambaye hakushiriki kuitunga. Pili, mazoezi ya sayansi yaandikwe na watu wawili, mtaalamu wa fizikia na mtaalamu wa lugha, kwa sababu makosa tuliyoyaeleza hayangeonekana na mmoja wao peke yake: mwanafizikia angejua tufe lina chaji wapi na asingeona haja ya kusema, sisi tuliona sentensi nzuri na hatukujua kwamba imekosa kitu. Tatu, idara zetu ziyatazame mazoezi haya kama matini halali ya kuhakikiwa. Tumeandika mengi juu ya sentensi za washairi, ambao hupewa uhuru wa kuficha. Sentensi za mazoezi haya, ambazo zimeahidi kutoficha, zinasomwa na vijana wengi zaidi, usiku, bila mtu wa kuwaeleza, na zikipotoka wao ndio wanaonyimwa alama.